Siku thelathini zilianza kuhesabiwa Mombasa

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na huu ni mwaka wa tisa niko Columbus, Ohio. Uraia wa hapa nimeshapata. Nafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee, na bima yangu ya afya naipata hapo kazini.

Tarehe 27 Desemba 2024 niliolewa nyumbani Likoni, na cheti cha ndoa tukapata. Wiki mbili baadaye nikarudi kazini, mume wangu akabaki kungoja viza. Tumengoja miezi kumi na minne. Amefika tarehe 4 Machi mwaka huu, alhamdulillahi.

Wiki iliyopita nilitoka zamu asubuhi, sikulala, nikaenda moja kwa moja ofisini na cheti ndani ya bahasha. Nikamwambia dada wa HR, ofisi ya wafanyakazi, nataka kumwingiza mume wangu kwenye bima. Akasoma tarehe ya ndoa, akageukia kalenda ya ukutani, akaniambia nimechelewa zaidi ya mwaka. Nilikuwa na siku 30 tangu siku ya ndoa. Sasa ningoje msimu wa kujisajili mwezi wa Novemba, bima ianze Januari 2027. Nikamwambia kwamba mume wangu ndiyo kwanza ameshuka ndege. Akasema anaelewa, lakini sheria ni sheria.

Bi Mshauri, ukweli ni kwamba Januari 2025 niliporudi kutoka harusini nililetewa barua pepe ya kazini inayoeleza jambo hili. Niliiona. Nikawaza, mtu yuko Likoni, nimkatie bima ya Ohio ya nini? Novemba iliyopita pia nikapita hivyo hivyo, kwa sababu viza ilikuwa haijatoka na makato yalinitisha. Peke yangu nakatwa dola 62 kila wiki mbili. Pamoja na mume ni dola 291. Kwa mwaka napata kama dola 47,000, na kuna nyumbani pia kunanitegemea.

Mume wangu ana presha. Alikuwa akifanya kazi hotelini Nyali, na hoteli ilikuwa imemkatia bima, ikaisha alipoacha kazi tarehe 28 Februari. Kabla ya kuondoka alichukua dawa za miezi miwili. Juzi nimemkuta jikoni amezimwaga kwenye kisahani, ameshika kisu, anazikata nusu nusu ili zifike mbali. Nilipomuuliza akacheka, akasema yeye ni mzima. Halafu akanyamaza, akasema mwanamume ndiye wa kumkatia mkewe bima, si yeye kuletwa hapa awe mzigo.

Nami nimemwambia uongo. Nilimwambia kampuni yetu haiwapokei waliotoka nje mpaka wakae mwaka. Sikuweza kumwambia kwamba nafasi ilikuwapo mikononi mwangu, mara mbili, nikaiacha.

Je, kweli hakuna njia mpaka Januari? Na hizo dola 291 nitazitoa wapi? Na hili la uongo nilifanyeje?

Mke wa Likoni, Columbus

—

Marahaba, mwanangu. Na hongera, mmekutana.

Nianze na kisu. Leo hii, kabla hujafanya jambo jingine, mwambie mumeo aache kukata dawa. Presha haina maumivu ya kumwonya mtu, ndiyo maana anajiona mzima, na dozi aliyopewa na daktari wake ndiyo anayotakiwa kuinywa yote. Dawa alizonazo zinamtosha mpaka kitu kipatikane, na kitapatikana. Columbus, kama miji mingi ya Marekani, ina vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Vituo hivyo havimfukuzi asiye na bima. Hutazama kipato chenu na kuwapunguzia malipo kulingana nacho. Piga simu kesho, useme una mgeni wa presha anahitaji kupimwa na kuandikiwa dawa. Aende na pakiti ya dawa zenyewe, ili daktari asome jina na kipimo. Dawa nyingi za presha ni za zamani na zina aina za bei nafuu, kwa hiyo muulize mfamasia bei ya kulipa taslimu.

Na likitokea la kutokea usiku, kifua kikabana au mdomo ukaenda upande, usihesabu dola. Piga 911. Tangu 1986 sheria inazilazimisha hospitali zenye chumba cha dharura kumpima mtu na kumtuliza hali kwanza, awe na bima au asiwe nayo. Bili itakuja, lakini itamkuta yu hai.

Sasa bima.

Dada wa HR amekwambia kweli kuhusu ndoa. Sheria iitwayo HIPAA, ya mwaka 1996, inampa mfanyakazi aliyeoa au kuolewa angalau siku 30 za kuomba kumwingiza mwenzake katika bima ya kazini bila kungoja msimu. Siku hizo huhesabiwa tangu ndoa ilipofungwa. Kuanzia viza, au ndege, au siku cheti kilipokufikia, hakumo katika hesabu hiyo. Saa yako ilianza kugonga pale Likoni watu wakiwa bado wanakula pilau, na mwisho wa Januari 2025 ikasimama.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza kama ya huyo dada, na nataka ujue kwa nini mlango huu ni mgumu, maana ukijua sababu utajua pa kusukuma. Makato yako ya bima hutolewa kabla ya kodi, kwa kifungu cha 125 cha sheria ya kodi. Serikali inasamehe kodi kwenye fedha hiyo kwa sharti kwamba ulichochagua mwanzo wa mwaka hukibadilishi katikati, isipokuwa maisha yenyewe yamebadilika: ndoa, talaka, kuzaliwa, kifo, kupoteza bima nyingine. Nayo bima inaogopa watu wangoje waugue ndipo waingie. Kwa hiyo ukienda mezani na kilio tu, hata mtu mwenye huruma hana la kukufanyia. Inabidi uende na tukio linalotambuliwa.

Na wewe tukio unalo. Umelitaja katikati ya barua yako kama jambo la kupita, ukaendelea na kisahani cha dawa. Mumeo alikuwa na bima ya hoteli, na imekatika tarehe 28 Februari.

Sheria ile ile ya 1996 ina mlango wa pili: mtu ambaye hakuingizwa kwenye bima ya mwenzake kwa sababu alikuwa na bima nyingine, kisha akaipoteza, anapewa siku 30 tangu ilipokatika. Wewe ulipopewa nafasi baada ya ndoa, na tena Novemba, mumeo alikuwa na bima kazini kwake. Ulienda ofisini na cheti cha ndoa, ukaulizwa habari za ndoa, ukajibiwa habari za ndoa. Ya bima iliyokatika hukuisema, naye hakuiuliza.

Sitaki nikupe tumaini la bure. Bima hiyo ilikuwa ya Kenya, na hapa mipango ya waajiri haifanani: mmoja utaikubali bima ya nje, mwingine utasema sheria inazungumzia bima za hapa. Kanuni za kodi zinataja waziwazi mpango wa afya wa serikali ya nchi ya nje kuwa miongoni mwa bima ambazo mtu akizipoteza, mwajiri anaruhusiwa kumpokea katikati ya mwaka. Anaruhusiwa, halazimishwi. Kwa hiyo kama hoteli ilikuwa pia ikimkata mumeo asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya jamii ya Kenya, sema hilo pia na uambatishe hati ya mshahara inayoonyesha makato. Usijiamulie kwamba haifai kabla hujaambiwa na mwenye kuamua.

Fanya hivi. Mumeo aandikie hoteli leo, kwa WhatsApp au barua pepe, aombe barua moja yenye mambo matatu: kwamba alikuwa mfanyakazi, kwamba alikuwa na bima ya afya ya kazini, na kwamba ilikoma tarehe 28 Februari 2026. Tarehe ndiyo roho ya barua hiyo. Wewe nawe andika ombi, kwa maandishi, usiende tena kuzungumza kwa mdomo. Sema unaomba kumwingiza mumeo kwa sababu ya kupoteza bima nyingine, taja tarehe, ambatisha cheti cha ndoa na pasipoti yake yenye muhuri wa kuingia. Kama barua ya hoteli haijafika, peleka ombi bila hiyo na useme inakuja, kwa sababu kinachohesabiwa kwanza ni siku uliyoomba. Namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho ya hapa Marekani, kama haijaletwa na posta, isikuzuie. Omba bila hiyo, uipeleke ikifika.

Katika ombi hilo hilo weka mstari wa kuomba nakala ya maelezo ya mpango wenu wa bima, ile hati ndefu yenye masharti yote. Sheria inakupa haki ya kuipata ukiiomba kwa maandishi. Isome sehemu ya nani anaweza kuongezwa na lini. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Mwajiri anaweza kuwa mkarimu zaidi, na ipo mipango inayohesabu mwenza kuwasili Marekani kuwa tukio kamili. Huenda wenu ni mmoja wao na huyo dada hajawahi kukutana na kesi kama yako. Wakikataa, waombe wakujibu kwa maandishi wakionyesha kifungu. Ukiona jibu halikuridhishi, Wizara ya Kazi ya Marekani ina kitengo cha mafao ya wafanyakazi, simu 1-866-444-3272. Kuwauliza ni bure, nao hushughulikia mipango ya waajiri binafsi kama wako.

Huku ukingoja jibu, usikae mikono mitupu, kwa sababu upo mlango mwingine ambao hauhitaji ruhusa ya mtu wa kazini kwako: soko la bima la serikali. Kwa Ohio linapatikana HealthCare.gov. Mtu aliyehamia Marekani kutoka nje, mwenye ukaazi halali, anapewa siku 60 za kuchagua bima hata kama msimu umepita. Kwa mumeo, aliyefika tarehe 4 Machi, siku hizo zinaisha tarehe 3 Mei. Akichagua kabla Machi haijaisha, bima inaanza tarehe 1 Aprili. Wengi hapa husikia kwamba mwenye green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, lazima angoje miaka mitano. Miaka mitano ni ya Medicaid, ile bima ya wenye kipato kidogo. Soko halina kungoja huko.

Na hapa ndipo lilipo jibu la dola zako 291. Soko hutoa nafuu ya kodi ya kupunguza bei ya bima. Zamani ilikuwa hivi: kama makato ya mfanyakazi peke yake ni nafuu, mkewe au mumewe anahesabiwa naye kuwa na bima nafuu kazini, hata kama kumwongeza ni pigo. Familia nyingi ziliumia. Tangu 2023 hesabu imebadilika. Kwa mwenza hutazamwa gharama ya kuwaweka nyote. Kwa mwaka 2026 mpaka ni asilimia 9.96 ya mapato ya nyumba. Tuchukue namba zako. Dola 291 mara malipo 26 ya mwaka ni dola 7,566. Asilimia 9.96 ya dola 47,000 ni karibu dola 4,680. Umepita mbali. Kama hiyo 291 ndiyo bei ya mpango wa chini kabisa kazini kwenu unaowachukua wawili, bima ya kazini kwa mumeo haihesabiki kuwa nafuu, kwa hiyo anaweza kuomba punguzo sokoni. Wewe unabaki ulipo na dola zako 62, ambazo kwako ni nafuu.

Kwa hiyo hata kama HR wakikubali, usikimbilie kutia saini. Weka bei mbili mezani, ya kazini na ya sokoni, mzitazame pamoja. Usitazame makato ya mwezi tu. Tazama pia kiasi ambacho mgonjwa hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kama dawa yake imo kwenye orodha. Nimeona watu wakishangilia bima ya bei ya chini, kisha wakagundua kwamba maelfu ya mwanzo ni ya mfukoni mwao.

Nina maonyo mawili juu ya punguzo hilo. Mtatakiwa kufanya ritani ya kodi pamoja, kama mume na mke. Na mapato mtakayokadiria yawe ya kweli, yakijumlisha na atakachopata mumeo akianza kazi mwaka huu. Kuanzia mwaka huu wa 2026, aliyepokea punguzo kupita haki yake hurudisha lote wakati wa ritani. Kile kikomo kilichokuwa kikiwalinda watu wa kipato cha kati kimeondolewa. Akipata kazi, ingieni kwenye akaunti wiki hiyo hiyo mbadilishe. Wapo wasaidizi wa bure waliofunzwa kwa kazi hii, tovuti yenyewe itakuonyesha walio karibu nawe.

Mtu asije akawauzia bima ya muda mfupi kwa simu. Bei yake inapendeza, lakini bima hizo zinaweza kumkataa mwenye presha au kutolipia presha yenyewe. Bima ya kazini na ya sokoni haziruhusiwi kufanya hivyo tangu 2014, kwa hiyo mumeo asifiche ugonjwa wake popote.

Nimebakisha lile la uongo, ambalo naona ndilo lililokuzuia usingizi kuliko namba zote.

Mwambie. Na si kwa ajili ya usafi wa moyo wako tu. Mumeo ndiye mwenye kuiandikia hoteli, ndiye wa kuketi na wewe mbele ya kompyuta, ndiye atakayeulizwa maswali na jina lake. Akiendelea kuamini kwamba kampuni haipokei wageni mpaka mwaka upite, atakuuliza barua ya hoteli ni ya nini, nawe itabidi utunge uongo wa pili. Mwambie: nililetewa barua, nikaona uko mbali, nikaogopa makato, nikaiacha. Hilo ni kosa la mtu aliyekuwa akihesabu nauli na ada za viza na matumizi ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja wa usiku. Atakasirika kidogo, huenda. Lakini sasa hivi anadhani ni yeye aliyekuja na kasoro, ugeni wake na presha yake, na kwa sababu hiyo anajipunguzia dawa ili asikulemee. Ukweli wako utamtua mzigo huo.

Kuhusu kwamba mwanamume ndiye wa kumkatia mkewe bima, usibishane naye. Ndugu yangu wa kiume alifika hapa kwa mkewe namna hiyo hiyo, akanuna miezi mitatu. Leo bima ya nyumba nzima iko kwa jina lake, kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyotoa iliyo bora. Kazi ya bima mpe mumeo sasa: simu za hoteli, kulinganisha bei, kupanga siku ya kituo cha afya. Ajue kwamba analijenga hili pamoja nawe.

Kwa wasomaji wengine wanaopanga kwenda kuoa au kuolewa nyumbani likizo hii: ukirudi kazini, wiki ya kwanza, peleka cheti, hata kama mwenzako atakaa huko miaka miwili. Uliza kwa maandishi kama mpango unamtambua atakapofika, kisha amua kama unamwingiza au unangoja. Kama ana bima yake huko, sema hivyo kwa maandishi na utunze nakala. Na mliofunga nikaha msikitini hapa hapa Ohio bila leseni ya mahakama inayoshughulikia ndoa, HR watataka cheti cha serikali, kwa hiyo leseni itangulie. Mkijaliwa mtoto, siku 30 ni tangu alipozaliwa, na bima yake huhesabiwa kuanzia siku hiyo ya kuzaliwa.

Mara moja mama mmoja alikuja mezani kwangu siku ya 34. Nilihesabu mara tatu, nikitamani ziwe 29. Nilimjibu kama ulivyojibiwa wewe, na sikumuuliza kama mumewe alikuwa na bima kwao. Sikujua kuuliza. Nakuandikia kwa urefu huu kwa ajili yake pia.

Siku 30 tangu tarehe 28 Februari zinaisha Jumatatu, tarehe 30 Machi. Ombi lako lifike kabla ya Ijumaa ya wiki inayotangulia, kwa barua pepe, ili saa na tarehe vionekane. Kisha niandikie wamejibu nini.